Siku ya kununua simu Kariakoo

"Mama, simu? Dada, karibu, hapa bei ya jumla."

Sauti hiyo humpokea kila anayeshuka basi la mwendokasi Msimbazi na kuvuka kuelekea Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Hajapiga hatua kumi, ameshashikwa mkono. Anayemshika hana duka. Ni winga, kijana anayeishi kwa kumpeleka mteja kwenye duka la mtu mwingine na kuweka cha juu kwenye bei. Mawinga wa Aggrey wanamtambua mnunuzi kwa mbali: anatembea polepole, anatazama juu kwenye mabango, na mkono mmoja hautoki kwenye pochi.

Jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Zaidi ya miaka mia moja baadaye mzigo bado unabebwa hapa kwa kichwa, kwa bega na kwa mkokoteni. Lakini kwenye Aggrey na mitaa inayoikata, kama Likoma na Livingstone, mzigo wenye thamani ya nyumba unaweza kuingia kwenye begi la mgongoni. Ndiyo maana mabegi hapa huvaliwa kifuani.

Jumamosi hiyo, saa tatu asubuhi, alishuka mama mmoja wa Kimara na binti yake. Mama anauza uji na vitumbua asubuhi. Binti amechaguliwa kusomea uuguzi kwenye chuo cha mkoani na zilikuwa zimebaki wiki mbili afungue. Kwenye pochi ya mama kulikuwa na Sh400,000. Ni pesa ya mchezo: akina mama kumi wanachanga Sh40,000 kila mwezi, na mwezi huo ilikuwa zamu yake. Zamu nyingine ni hadi miezi kumi ipite. Mama huyo aliomba jina lake lihifadhiwe, kwa sababu wenzake wa kwenye mchezo wanasoma gazeti.

Kwa nini simu na si godoro au ndoo? Hivyo navyo vilikuwa kwenye orodha. Lakini siku hizi darasa la chuo lina kundi lake la WhatsApp kabla halijawa na chumba. Ratiba inatumwa humo, vitini vinatumwa humo, na kazi nyingine zinapokelewa humo humo. Binti alikuwa ameshaunganishwa na kundi la wanaoanza mwaka wa kwanza kwa kutumia simu ya kaka yake. Huko ndiko alikoona picha za wenzake wamesimama mbele ya kioo, simu imeinuliwa usawa wa shavu, nembo ya tunda lililong'atwa ikionekana vizuri.

Kwa hiyo alipoulizwa na winga anataka simu gani, hakusita. "Macho matatu."

Aggrey nzima inaelewa maneno hayo. Ni iPhone yenye kamera tatu mgongoni, sura iliyokuja na iPhone 11 Pro mwaka 2019. Hapa haitajwi kwa namba sana. Inatajwa kwa macho, kama vile simu ndogo ya vitufe inavyoitwa kitochi au kiswaswadu, na simu janja kwa wazee ikawa simu ya kupangusa. Majina haya ya mtaani yana kazi yake: mtu anayajua hata kama hajawahi kuishika simu yenyewe. Mteja wa Aggrey mara nyingi hafiki akiwa na swali kuhusu simu. Anafika na jina, na jina hilo amepewa na watu ambao siku ya kununua hawapo.

Winga aliwapandisha ngazi hadi ghorofa ya kwanza, kwenye fremu yenye upana wa kitanda. Muuzaji alisimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu anataka macho matatu, mimi nataka kujua bei."

Sh750,000. Mama aliipokea bei hiyo kwa utulivu wa mtu aliyezoea kusikia bei za unga, akaomba aonyeshwe kitu kingine. Muuzaji akatoa iPhone X, macho mawili, iliyotumika, Sh380,000. Binti aliishika kwa mikono miwili. Kwa dakika kadhaa ilionekana kama safari imeishia hapo.

Simu za aina hii zinakuja Kariakoo kwa njia iliyochakaa kwa miguu ya watu. Nyingi zinatoka Dubai, hasa Deira, kwenye maduka ambako wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wananunua simu zilizotumika na kuzirudisha kwa mabegi. Simu imeshapita kwa mtu mmoja au wawili, pengine Marekani, pengine Japani, ikafutwa, ikasafishwa, ikavalishwa boksi. Anayeinunua Aggrey huenda akawa anatoka Kimara, au anatoka Lubumbashi au Lilongwe, kwa sababu soko hili linalisha nchi za jirani pia, na Kiswahili cha Kongo ukikisikia kwenye ngazi za maghorofa haya si jambo la kushangaza.

Binti hakuwa na haja ya kujitetea, lakini alijitetea, na hoja yake haikuwa ya kitoto. iPhone, alisema, ukiichoka unaiuza na pesa inarudi. Ni kweli kwamba simu hizo hushika bei kuliko nyingi nyingine, na kwa kijana asiye na akaunti yenye kitu, simu inayouzika ni akiba ya mfukoni. Hoja ya pili aliisema kwa sauti ya chini, akimtazama mama: bwenini watu wanapangana kwa vitu vidogo. Mama hakubisha. Yeye mwenyewe anakumbuka msichana aliyetengwa shuleni kwao kwa sababu ya viatu.

Ndipo muuzaji, kwa heshima ya biashara yake au kwa haraka, akafungua sehemu ya betri na kuwaonyesha: afya ya betri, asilimia 78.

Neno hilo linastahili kusimamiwa kidogo. Betri za simu za leo ni za lithiamu, na kila mzunguko wa kuchaji huzila taratibu. Kampuni ya Apple inaeleza kwamba betri za iPhone 14 na zilizotangulia zilitengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 kamili ya chaji. Kwa mtu anayechaji kila siku, hiyo ni chini ya miaka miwili. Iliyoshuka chini ya 80 bado inafanya kazi, ila mwenye nayo huanza kuishi karibu na soketi. Betri inaweza kubadilishwa, na mafundi wa Aggrey wanaibadilisha huku mteja akinywa soda. Ubora wa betri inayoingizwa ndio kizungumkuti.

Mama hakuwa akijua lolote kuhusu lithiamu. Aliuliza swali moja tu: "Inatunza chaji?"

Muuzaji akacheka. Akasema inategemea matumizi.

"Ndiyo jibu hilo," mama akamwambia binti.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo muuzaji hakulisema na si wauzaji wote hulisema. iPhone X ilitoka mwaka 2017, na toleo la mfumo wa iOS 17 lililotoka 2023 haikulipata. Simu ikiachwa nyuma na mfumo haifi siku hiyo. Programu moja baada ya nyingine ndiyo huanza kuikataa, kama nyumba ambayo barabara imehamishwa. Kwa mwanafunzi wa miaka mitatu, hilo si dogo.

Waliposhuka ngazi winga alikuwa bado nao. Aliwapeleka kwenye meza yenye mwavuli, ambako vijana waliovaa fulana za rangi moja wanauza simu za mkopo. Hapo kila kitu kinaonekana chepesi. Simu mpya, Samsung ya kioo kikubwa, ambayo duka la pili iliuzwa Sh480,000 taslimu, hapa ilitakiwa kianzio cha Sh70,000 na Sh2,000 kila siku kwa mwaka mmoja. Sh2,000 ni nini? Ni vitumbua kumi.

"Nikikosa siku mbili?" mama aliuliza.

"Inajifunga tu mama, ukilipa inafunguka."

"Na mvua ikinyesha wiki nzima?"

Kijana hakuwa na jibu la mvua. Aliyejibu ni binti, ambaye alikuwa ameshapiga hesabu kichwani: elfu mbili mara siku 365, ongeza kianzio. Laki nane. Alilisema kwa mshangao, kama mtu aliyefungua mlango akakuta ukuta. Simu za mkopo zimewafikisha watu wengi kwenye intaneti ambao wasingefika kwa taslimu, na bodaboda mwenye kipato cha kila siku anaweza kuimudu. Lakini simu inayojifunga katikati ya muhula wa mwanafunzi, kwa sababu mama yake mzazi hakuuza uji Kimara, ni kitu kingine kabisa. Waliondoka kwenye mwavuli, na kuanzia hapo binti ndiye aliyetangulia mbele.

Ukipita Aggrey ukitazama mabango tu, utadhani ni uwanja wa vita vya timu nyingi. Bluu ya Tecno hapa, kijani cha Infinix pale, nyekundu ya itel kwenye mwamvuli, Samsung juu ya ghorofa, Redmi, Oppo, Vivo. Wauzaji wanabishana kwa moyo wote: Infinix ina kasi kwa michezo, Tecno ina kamera, itel ni ya kuanzia maisha. Wateja nao wana upande, kama Simba na Yanga. Wachache wanajua kwamba Tecno, Infinix na itel ni ndugu wa baba mmoja. Zote ni za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Zhu Zhaojiang, na ambayo nchini kwao wenyewe watu wengi hawaijui kwa sababu haiuzi huko. Iliamua mapema kulielekea bara la Afrika, ikafungua kiwanda Ethiopia mwaka 2011, na mwaka 2019 ikaorodheshwa kwenye soko la hisa la Shanghai. Kwa miaka kadhaa sasa ndugu hao watatu kwa pamoja ndio wanaoongoza kwa mauzo ya simu janja barani, Samsung ikifuata nyuma yao.

Hawakufika hapo kwa bei peke yake. Waliuza simu za laini mbili wakati kampuni kubwa zilikuwa zinaona laini mbili ni mambo ya ajabu, ilhali huku mtu ana laini ya kupigia, laini ya bando na laini ya pesa. Waliweka betri kubwa kwa ajili ya watu ambao umeme wao hukatika. Waliweka vituo vyao vya matengenezo, Carlcare, mahali mteja anapoweza kufika kwa daladala. Kwa maneno mengine, kuna mtu huko Shenzhen aliyeuliza swali la mama wa vitumbua kabla mama mwenyewe hajalifikisha Aggrey.

Na kuna suala la picha. Kwa miaka mingi kamera zilipimwa kwa ngozi nyeupe. Mtu mweusi akipigwa picha jioni, au ndani ya nyumba yenye dirisha moja, yalibaki macho na meno. Tecno ilipotoa simu zake za Camon, kuanzia mwaka 2015, ilizitangaza kwa jambo hilo hilo: kamera iliyorekebishwa kwa ngozi nyeusi. Tangazo ni tangazo, lakini lilimgusa mtu mahali palipokuwa panauma.

Katika duka la nne, safari hii wakiwa wameachana na winga, muuzaji wa kike aliyevaa hijabu alimwomba mama asimame pale kivulini, karibu na rundo la makava. Mama alikataa. Alisema yeye hapendi picha, picha zake zote ni mbaya, hata kitambulisho chake hakitoi mbele za watu. Binti akampiga hivyo hivyo, akiwa anakataa, mkono umeinuliwa. Kisha wote watatu wakainama juu ya kioo. Ilikuwa Tecno mpya, Sh330,000.

Mama alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama simu yoyote siku hiyo.

"Kumbe nimefanana na marehemu mama," alisema.

Hakuna aliyezungumzia bei kwa dakika nzima. Baadaye walizungumza sana. Muuzaji alishuka hadi Sh320,000, mama akasema Sh290,000, wakakutana kwenye Sh305,000 na kioo cha kulinda simu juu yake bila malipo.

Kabla ya kuhesabu pesa, muuzaji mwenyewe alibonyeza *#06#. Namba ya tarakimu 15 ikajitokeza, akailinganisha na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha akamwomba mama aitume kwenda 15090. Mama alituma kwa kitochi chake. Jibu likaja na jina la simu, likafanana. Utaratibu huu Watanzania walijifunza kwa njia ngumu: usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia, na asubuhi yake watu wengi waliamka wameshika kitu kisichoita wala kuitwa. Wengine walikuwa wamenunua hapa hapa, kwa bei kamili, wakiamini jina lililoandikwa mgongoni. Kupima namba hakuchukui dakika mbili, na muuzaji anayekasirika ukitaka kupima amekwisha kujibu swali. Kwa iPhone iliyotumika kuna la ziada: ihakikishwe kwamba akaunti ya mwenye simu wa kwanza imeondolewa, la sivyo siku moja itajifunga na hakuna fundi wa haki wa kuifungua.

Kitochi kilichotuma ujumbe huo nacho kina historia yake. Ni Nokia yenye tochi, imefungwa na raba. Mama hana mpango wa kukiacha. Kinakaa na chaji siku nne, kinapiga *150*00# kutuma na kupokea pesa, na usiku mmoja mwaka jana ndicho kilichotumika kupiga 115, namba isiyotozwa ya mfumo wa m-mama unaotafuta usafiri wa dharura kwa wajawazito, wanawake waliojifungua na watoto wachanga. Jirani alikuwa ameanza kutoka damu. Simu janja mbili zilizokuwa kwenye nyumba hiyo zilikuwa zimezima. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Jirani na mtoto wake wazima. Mtaani kwao, mama anasema, tangu siku hiyo hakuna anayekicheka kitochi chake.

Risiti iliandikwa, muhuri wa dhamana ya mwaka mmoja ukagongwa. Zilibaki Sh95,000. Mama alianza kuzigawa kwa sauti: ndoo, shuka mbili, nauli ya kwenda chuo. Godoro litasubiri, au watakodi huko huko.

Kilichobaki kilikuwa kava. Muuzaji alitoa la plastiki inayoonyesha, akilisifu kwamba simu ni mpya na rangi yake nzuri, kwa nini uifiche. Binti aliligeuza mara mbili mkononi, akalirudisha. Akapapasa kwenye rundo hadi akapata jeusi, zito, lenye tundu la kamera pekee, ambalo nyuma halionyeshi chochote. Akalivalisha. Nembo ikapotea.

Mama alilitazama, akatikisa kichwa kukubali.

"Jeusi zuri," alisema. "Halitachafuka haraka."

Binti hakumsahihisha. Aliiweka simu kwenye mfuko wa rambo, mama akaifunika kwa mafungu mawili ya mchicha aliyonunua njiani, kwa sababu ya vibaka wa Msimbazi, wakavuka barabara kwenda kusubiri basi la Kimara.